Sukari ya Kimbunga

Julai 2

Mvua imeanza kweli leo, na Landy naye amekuja. Sijui nani kati yao ameleta matope zaidi ndani.

Dada yangu anauza unga wa kupunguza unene. Unaukoroga na maji, unakunywa badala ya kula, ukipungua unamshukuru Landy, usipopungua ni uvivu wako. Ameita wanawake wa jirani hapa kwa Mama, wamejaa sebuleni wakijipepea, naye kapitisha simu yake mkono kwa mkono. Kwenye simu kuna picha yetu ya sikukuu ya kijiji. Yeye kushoto, mimi kulia, wote tumevaa hipil, magauni meupe mapana aliyotudarizi Mama. Yangu ingetosha kufunikia meza.

"Mama mmoja, baba mmoja, chungu kimoja," akawaambia. "Sasa niambieni tofauti ni nini. Ni nia tu."

Mimi nilikuwa nyuma yake pale pale, nachoma mikate ya tortilla kwenye chuma cha jiko, na mimba yangu ya miezi mitano na nusu. Wote wakanigeukia kunitazama nia yangu.

"Lakini Nidia ana uso mzuri," jirani mmoja akasema.

Hiyo "lakini" yake ningeipiga na chuma cha moto.

Julai 3

Landy kaniachia kopo moja la unga mezani, bure, eti zawadi. Nimempa nguruwe. Nguruwe kanusa, kaondoka.

Julai 9

Zahanati. Wamenishindisha na njaa, wakaninywesha maji ya sukari mpaka meno yakauma, kisha wakawa wananitoa damu kila nikikaribia kusinzia. Dokta ni binti wa mbali, kutoka Tlaxcala, anamalizia mwaka wake wa kutumikia kijijini. Anaitwa Renata. Viatu vyake vilikuwa vyeupe alipofika.

Kasema nina kisukari cha mimba.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya unene. Akasema, "Kwa sehemu." Nimemchukia papo hapo. Landy angejibu vivyo hivyo, ila yeye angeongeza bei ya kopo.

Julai 10

"Wewe huna sukari," Mama kasema. "Umeshtuka. Umeshtushwa na nini?"

"Sijashtushwa na kitu, Mama."

"Basi aliyeshtuka ni mtoto."

Kwa Mama sukari yote inatoka kwenye mshtuko. Yake ilimwingia mwaka wa kimbunga Isidoro, akiwa na mimba yangu. Paa la makuti liliruka, mti wa machungwa ukaingia ndani kupitia ukuta, na yeye akajibanza chini ya karo la mawe la kufulia, kamkumbatia Landy kifuani. Hofu ile ikamgeuza damu kuwa tamu. Januari nikazaliwa, kilo tano kasoro kidogo, mkunga akaita watu waje kunitazama. Landy yeye alizaliwa miaka minne kabla, kilo tatu, siku ya jua tupu.

Hadithi hiyo nimekua nayo na nilikuwa naipenda. Kuwa mtoto wa kimbunga ni jambo la kujivunia kuliko kuwa mnene tu.

Landy katuma ujumbe wa sauti. "Pole mdogo wangu. Sitasema kwamba nilikuambia." Kisha akalisema hilo hilo, kwa dakika nzima.

Julai 13

Mvua. Maharage bila mafuta, majani ya chaya na yai. Kesho chaya na yai.

Julai 14

Chaya na yai. Mama anaweka sahani mbele yangu kama anayemwekea mbwa wa jirani.

Julai 21, Jumapili

Wilberth kaja. Anajenga hoteli Playa del Carmen na kila anaporudi anakuja na kitu cha kuonyesha kuwa ni mume. Safari hii mkate mtamu wenye jibini na soda ya lita tatu.

Nikamwambia siruhusiwi.

"Hata kidogo? Kwa ajili ya mtoto?"

"Hasa kwa ajili ya mtoto."

Akamtazama Mama. Mama akatazama dari. Basi Wilberth, asije akaonekana katupa hela, akaula mkate wote mwenyewe mbele yangu, polepole, huku akiniuliza kama mtoto anacheza. Anacheza. Angekuwa na meno angemng'ata baba yake.

Agosti 1

Chakula peke yake hakijatosha. Asubuhi sukari bado iko juu. Dokta Renata kanipa insulini na kunifundisha kujichoma tumboni, pembeni, mbali na kitovu. Sindano yenyewe haiumi. Kinachouma ni nyumbani.

"Hiyo haiingii humu," Mama kasema. "Mama yangu alianza kuchomwa mwezi wa tatu, Krismasi akawa haoni hata mkono wake."

Nikamwambia dokta kasema Bibi alipewa akiwa ameshachelewa, macho yalikuwa yameharibika na sukari kabla.

"Dokta alimjua mama yangu?"

"Hapana."

"Basi anyamaze."

Nimeiweka kwenye friji nyuma ya mafuta ya nguruwe.

Agosti 4

Mvua tangu alfajiri. Landy kapita. Anasema unga wake unafanya kazi ya insulini, bila sindano, na kuna mwanamke wa mji wa Tizimín amethibitisha. Mama kamsikiliza kama anasikiliza misa.

Agosti 6

Friji ina mafuta ya nguruwe, nyanya, na kopo la Landy. Insulini haimo.

Nimeiona uani, karibu na banda la kuku, imekanyagwa, kioo kimechanganyika na matope. Mama alikuwa kakaa mlangoni anadarizi ua jekundu.

"Umeme ulikatika," akasema. "Iliharibika."

Umeme haukukatika.

Agosti 8

Nitaandika yote maana sina wa kumwambia. Wilberth hapokei simu.

Jana sikwenda zahanati kwa sababu ya aibu. Leo nikaenda, maji yakinifika vifundoni njia nzima. Nilitaka kusema chupa ilivunjika. Nikafika nikasema kweli: mama yangu kaikanyaga. Nilidhani Dokta Renata atanifokea. Akafunga mlango, akakaa, akaniuliza nimezaliwa na kilo ngapi. Nikamwambia. Akauliza Landy alizaliwa na kilo ngapi. Nikamwambia na hilo, nikamalizia na ile ya mama mmoja, chungu kimoja, kwa sauti ya Landy kabisa.

"Chungu ni kimoja," dokta akasema, "lakini hamkuanzia kula kwenye chungu. Mlianzia kwenye damu ya mama yenu. Dada yako aliikuta haijawa na sukari. Wewe uliikuta nayo."

Akanieleza polepole, na mara hii sikumchukia, au nilimchukia kidogo. Sukari ya mama inavuka kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Basi kongosho la mtoto, dogo kama punje, linalazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, na mtoto anajaa mafuta kabla hajavuta hewa. Ndiyo maana ya zile kilo zangu. Wengi wakishazaliwa wanarudi sawa na wenzao kwa muda, kisha wakifika miaka mitano, sita, mwili unaanza tena kuweka akiba kwa kasi. Nikakumbuka picha yangu ya ubatizo, mtoto wa kawaida tu. Na picha ya mwaka wa kwanza wa shule, vifungo vya sare havifungi.

"Lakini mama ni yule yule na baba ni yule yule," nikasema. "Si tumerithi kitu kimoja?"

"Chukulia mna kitabu kimoja cha mapishi," akasema. "Maneno hayajabadilika. Ila kwenye chako kuna kurasa zimekunjwa pembe ukiwa bado tumboni, na mwili wako ukifungua unafungukia hapo. Njaa, mafuta, namna ya kutumia sukari. Wapo wanaozisoma hizo alama kwenye damu ya kitovu. Hawajamaliza kuzielewa, na mimi sitakudanganya kwamba wamemaliza. Wala si hukumu. Uzito wako una sababu nyingi. Ila hiyo ya dada yako kwamba ni nia, hapana."

Niliondoka na insulini mpya ndani ya thermosi. Watu watadhani nilifurahi kuambiwa si kosa langu. Sikufurahi. Miaka yangu yote nimebeba kosa, sasa limenitoka mkononi nikawa natafuta pa kulitupia. Nilipofika uani nilikuwa nimeshapajua.

Mama yupo, Landy yupo, makopo yapo mezani. Nikayasukuma, nikaweka thermosi.

"Isidoro hakukufanya kitu," nikamwambia Mama. "Ulikuwa na sukari, na mimi nikiwa ndani yako. Ulinipika kabla sijazaliwa. Halafu umekaa kimya huyu akinipitisha kwenye simu kwa wanawake wa kijiji."

"Ongea vizuri na Mama," Landy akasema.

"Wewe nyamaza. Wembamba wako hukuufanyia kazi. Uliwahi foleni, basi."

Landy akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikaendelea kwa Mama. Nikasema hakuna mshtuko, hakuna hofu inayogeuza damu, hizo ni hadithi za mtu asiyetaka kujua. Nikasema sukari ndiyo inayowavimbisha watoto tumboni, na ikizidi inawaua, dokta kasema.

Mama alikuwa ameshika sindano yake ya kudarizi. Akaichomeka kwenye kitambaa taratibu.

"Na mdogo wako wa kiume?" akasema.

Sikuelewa mara moja. Baada yangu alikuja mtoto wa kiume, nikiwa na miaka mitatu. Alizaliwa amekufa, mwezi wa tisa umetimia. Nyumbani hatumzungumzi ila kwa namna moja: alikuwa mzuri, mkubwa, kama mtoto wa miezi mitatu, na upepo mbaya ulimpata Mama akitoka kisimani.

"Alikuwa mkubwa kuliko wewe," Mama akasema. "Kila mtu alisema. Mashavu namna hii. Ukisema wewe ilikuwa sukari, na yeye nini? Eh? Niambie, maana umetoka kwa dokta. Mwanangu nilimuua mimi?"

Kuku mmoja kaingia ndani kukwepa mvua na hakuna aliyemfukuza. Landy akakusanya makopo yake moja moja, akaondoka bila mwavuli.

Nilijichoma sindano pale pale, Mama akiangalia. Nilitaka aangalie.

Agosti 9

Hatusemezani.

Agosti 15

Hatusemezani. Insulini iko kwenye friji, haijaguswa. Nikishika sindano, anatoka kwenda kwa kuku.

Agosti 27

Sukari ya asubuhi imeshuka. Dokta kafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Nyumbani hakuna wa kumwambia, nimemwambia nguruwe.

Septemba 3

Mama anapika maharage yangu kwenye sufuria ya peke yake na kuibamiza jikoni kama anayepigana nayo. Ila hayana mafuta. Nimeonja, nimetafuta mafuta, hayamo.

Septemba 14

Landy kapiga simu. Nilidhani anataka kuomba radhi, mjinga mimi.

"Umemwambia nani mambo ya yule dokta?"

"Yeyote aliyeniuliza."

"Wanawake wawili wamerudisha makopo. Wananiambia, Landy, wewe ulizaliwa hivyo. Unajua mimi asubuhi nakula nini? Unajua tangu lini sijala tamale nzima? Unaniambia sikuufanyia kazi."

"Sasa kama umezaliwa mwembamba, unajinyima nini?"

Kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba dada yangu ana njaa. Sikumwonea huruma. Nimeandika tu kwamba nilifikiri.

"Toa picha yangu kwenye simu yako," nikamwambia.

"Nitaona," akasema, akakata.

Septemba 22

Wilberth kaja, kakuta wanawake wawili wasiosemezana na sufuria mbili. Kaenda kutazama mpira kwa jirani. Asubuhi kaniuliza, "Sindano hiyo naweza kukushikia?" Nilimwachia. Alipomaliza alikaa chini.

Oktoba 5

Mvua, mvua, mvua. Miguu yangu haiingii kwenye kandambili.

Oktoba 17

Sulemi amezaliwa juzi, hospitali ya mjini. Kilo tatu na robo. Walimchoma kisigino saa ile ile na sukari yake ilikuwa chini, maana alizoea yangu na ghafla akakatiwa. Wakaniambia nimnyonyeshe bila kungoja. Akakataa. Akakataa tena. Muuguzi akasema wakingoja zaidi watamwekea dripu. Niliogopa kwa namna ambayo sitaiandika. Nikamkamulia kwenye kijiko, matone ya njano, akalamba, akachukia, akalamba tena. Walipompima mara ya tatu imepanda.

Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbini tangu nilipoingia. Walipomruhusu kuingia akamfunua mtoto, akamgeuza, akamtazama mapaja.

"Mdogo hivi?" akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Agosti.

Oktoba 20

Majirani wanakuja kumwona Sulemi na kumsikitikia. Maskini, kembamba. Hukula vizuri, Nidia? Yule wa "lakini Nidia ana uso mzuri" kasema wa kwake walizaliwa na mashavu. Nikamwonyesha mlango, kwa upole wote nilionao, si mwingi.

Oktoba 24

Mtoto anapimwa uzito kwa Dokta Renata. Kasema atampima mara kwa mara mpaka aende shule, nimnyonyeshe, na mimi nipimwe damu baada ya wiki chache, maana sukari ya mimba ina tabia ya kurudi bila mimba. Mama alikuja nasi, sikumwalika. Alisimama kando ya mizani na mkoba wake kifuani. Tulipokuwa tunaondoka akabaki.

"Dokta," akasema. "Kuna mwanamke mmoja."

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto wake alizaliwa amekufa. Mkubwa, miezi imetimia. Huyo mwanamke ana sukari. Hakuna aliyempima, wakati huo hapa hapakuwa na dokta. Mtoto huyo alikufa na nini?"

Dokta Renata akanitazama. Sikumsaidia.

"Kwa mtoto nisiyemwona siwezi kuapa," akasema. "Lakini sukari isiyotibiwa inaua watoto hivyo, wakubwa, mwishoni kabisa. Naweza kuamini kwamba ndiyo."

"Na angechomwa sindano?"

"Huenda mtoto angeishi."

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei na kuiona ni kubwa lakini si ya uongo.

"Huyo mwanamke hakuua mtu," dokta akasema. "Angejuaje?"

"Sikukuuliza hilo," Mama akasema.

Njia nzima alitangulia mbele yangu mvuani. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimeshasema mwezi wa nane kwamba sukari inaua, kwa ukali wote nilioweza, nikitaka iingie. Iliingia.

Oktoba 31

Leo ni siku ya watoto waliokufa, asubuhi roho zao zinarudi nyumbani kula. Mama ameamka kabla yetu. Mezani katandika kitambaa kipya cha darizi, mishumaa ya rangi, chokoleti ya moto, mkate mtamu wenye sukari juu, peremende, boga lililopikwa kwa asali. Kikombe kimoja, kidogo.

Landy kaja na basi la kwanza. Kila mwaka anakuja siku hii, tukiwa tumegombana au hatujagombana. Kamchukua Sulemi mapajani kwake bila kuniuliza. Akatazama meza.

"Mama, sukari yote hii? Baada ya yote aliyosema dokta?"

"Ya nani hiyo?" Mama akauliza.

"Ya mtoto."

"Basi mwacheni ale. Huyo hakuna wa kumpima tena."

Akavuta kiti akakaa mbele ya kikombe. Alizungumza Kimaya, kama anavyozungumza na sisi tukiumwa. Akamwambia yule mwanawe aliyekufa, baba yangu, haukuwa upepo. Nilikuambia upepo kila mwaka, na kila mwaka ulikuja ukala ukanisikiliza. Ilikuwa damu yangu. Ilikuwa tamu, nikakupa, sikujua nakupa nini. Dada yako ndiye aliyeniambia. Aliniambia vibaya, lakini ndivyo ilivyo.

Landy alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye kofia ya mtoto. Mimi sikulia. Nilikuwa na neno mdomoni na sikujua likitoka litakuwa radhi au ugomvi, kwa hiyo nikafunga mdomo. Sulemi akaanza kutafuta ziwa. Nikamchukua kwa Landy, nikaketi upande wa pili wa kikombe, nikamnyonyesha hapo hapo.

Mama hakutugeukia. Aliendelea kuongea na mwanawe, na mimi sikumkatiza.